Unga Haujakauka?

Nitaanza na kidole, maana ndicho kilichoshtakiwa. Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, siku ya Jumanne saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kilibonyeza neno NDIYO kwenye kioo cha mashine ya kukaushia dawa. Hilo sikatai na sijawahi kulikataa. Ninachokataa ni maana waliyoipa.

Kazi yangu ni kukausha. Kiwandani kwetu tunatengeneza vidonge vya kifafa, na kidonge hakizaliwi kidonge. Kinaanza kama unga, unachanganywa na uji wa wanga ili ushikane, unakuwa chengachenga mbichi, halafu unaletwa kwangu. Kwangu ni pipa refu la chuma linalopuliziwa hewa ya moto kutoka chini, na chenga zinarukaruka humo mpaka zikauke. Zikitoka na unyevu mwingi zinagandia kwenye presi, ile mashine ya kuzigandamiza, na hata zikikubali kuwa vidonge vitaharibikia kabatini kwa mgonjwa. Zikikauka kupita kiasi, vidonge vinabanduka vichwa. Katikati ya mbichi na kavu mno kuna nafasi ndogo sana, na mimi nimekaa kwenye nafasi hiyo miaka ishirini na sita.

Kuijua ni kwa kiganja. Unachota chenga kwenye kitundu cha pembeni, unazifumba mkononi na glavu yako nyembamba, unahesabu mpaka tano, unafumbua. Zikibaki bonge, bado. Bonge likivunjika kwa kuguswa na kidole gumba, karibu. Zikimwagika zenyewe zikaacha vumbi kidogo tu kwenye mikunjo ya glavu, tayari. Ulichokishika unakitupa, hakirudi kwenye dawa. Maabara walikuwa wakipima baada yangu kwa mzani wao wa joto, na kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa kuja kuniambia nilichokwisha kuwaambia. Ndiyo sababu wakanipa jina la Bi Kiganja. Hata kwenye ratiba ya zamu niliandikwa hivyo, mpaka alipokuja karani mpya akauliza kama hilo ni jina la kwenye cheti.

Zamani kiwanda kilikuwa cha wafamasia. Mfamasia Mkuu akipita ukumbini na koti lake refu jeupe, sote tunanyooka. Injinia alikuwa mmoja tu, ana chumba nyuma karibu na boila, anaitwa mkanda ukikatika. Akimaliza anafuta mikono anaondoka, na hakuna aliyemuuliza dawa inatengenezwaje. Sasa wako kumi na wanne na wana ghorofa yao. Wao ndio wanaosema hewa ipulizwe kwa kasi gani, mlango upi ufunguke kabla ya upi, maji ya kuoshea yapite bomba lipi, nani aguse nini na kwa muda gani. Mfamasia Mkuu bado ana koti lake. Ila kwenye mikutano nimemwona: anatazama kwanza upande wa mainjinia, ndipo anaitikia kwa kichwa.

Na mmoja katika hao kumi na wanne nimemlea mimi.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua ana miaka minne, na tangu hapo ananiita Mama mdogo. Nilitaka awe mfamasia, kwa ajili ya lile koti, sitaki kudanganya watu. Aliponiambia anakwenda kusomea uhandisi nilimuuliza, "Utakuwa unafunga nati kwenye vidonge?" Akacheka mpaka akakaa chini. Alipoajiriwa kiwandani kwetu nilifurahi mpaka nikawa kero, watu wakinuna nikipita. Tukakubaliana: kazini yeye ananiita Bi Kiganja kama wengine, mimi namwita Injinia. Nyumbani yeye ni mwanangu na anaosha vyombo.

Sasa, habari ya kioo. Mashine mpya ya kukaushia ilipoletwa, kioo chake kilikuwa kinaongea lugha ya waliokiunda. Tulikuwa tunabonyeza kwa kukariri rangi. Mimi kila jioni nanung'unika, na Injinia kila jioni ananisikia, mwisho akaenda kupigania kwa mabosi wake kioo kiongee Kiswahili. Akatafsiri kurasa zote mezani kwetu. "Mama mdogo, hiki nyie mnakiitaje? Chujio au kichungi?" Namjibu huku nakatakata vitunguu. Ulikuwa wakati mzuri, nakiri. Swali la mwisho, lile la kuruhusu chenga ziachiwe ziende kwenye presi, aliliandika kama linavyotakiwa: UNGA UMEKAUKA? Chini yake vitufe viwili, NDIYO na HAPANA.

Kila chombo na nahodha wake, na nahodha wetu ni Meneja wa Ubora. Huyu ni mtu ambaye hawezi kuona kitu kimenyooka asikipinde kidogo ili nacho kiwe chake. Akasema kwenye kikao kwamba waendesha mashine tunabonyeza Ndiyo kwa mazoea, akili ziko kwingine. "Geuzeni swali," akasema. "Likiwa kinyume, mtu atalazimika kusoma." Wakaligeuza. Kioo kikawa kinauliza: UNGA HAUJAKAUKA?

Swali liligeuzwa. Vitufe havikuguswa. Ile NDIYO ya chini ikabaki ileile ya kufungua mlango.

Jumatatu tukaitwa mafunzo, dakika ishirini, tukaonyeshwa picha za kurasa mpya ukutani. Mwisho tukapewa karatasi imeandikwa "Nimesoma na kuelewa". Tukasaini wote wa zamu. Nani asingesaini? Maandishi yalikuwa ya Kiswahili, na Kiswahili nimekijua tangu naota meno.

Jumanne nikawa wa kwanza kukitumia. Nikachota, nikafumba, nikahesabu. Bonge. Kioo kikaniuliza: UNGA HAUJAKAUKA? Nikakijibu kama ningemjibu mtu. Mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unamwambia, "Ndiyo, sijala." Akikuuliza "Mgeni hajafika?" na hajafika, unamwambia, "Ndiyo, bado." Hivyo ndivyo nilivyowasikia wazazi wangu wakijibu na ndivyo nijibuvyo. Nikabonyeza NDIYO. Nilimaanisha: ndiyo, haujakauka, endelea kuupulizia.

Mlango ukafunguka.

Nilisikia chenga zinashuka kwenye bomba kabla sijaelewa ni zangu. Nikapiga kitufe chekundu cha dharura kwa ngumi. Hewa ikazima, mlango ukajifunga, lakini kilo mia tatu na ushee zilikwisha teremka kwenye pipa la chini, juu ya zile kavu za asubuhi, na pipa hilo lina kazi moja tu, kuchanganya. Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Mzee Presi, anayeendesha presi ghorofa ya chini, mtani wangu wa siku zote.

"Bi Kiganja, umeniletea nini? Leo maji yamezidi unga kweli!"

Alikuwa anatania. Hakujua kwamba amesema kweli tupu. Nilimjibu, "Zima presi," na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Baadaye alikuja kuniomba radhi kwa mzaha ule, kofia mkononi, na mimi sikuwa na nguvu hata ya kumwambia hajakosa.

Dawa yote ile ikateketezwa. Nilikwenda kusimama nje ya chumba cha kuteketezea, ingawa hakuna aliyenituma. Kila mfuko ulioingia nilifikiria mtu fulani mahali fulani ameambiwa dukani, "Rudi wiki ijayo." Mtu wa kifafa huwezi kumwambia arudi wiki ijayo. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu ya kazi, na ubaya wenyewe ni kwamba sikupata pa kuuweka, kwa sababu kila nilipokipitia nilichofanya, nilikuwa nimefanya sawasawa.

Jumatano tukaitwa ghorofa ya mainjinia. Mezani alikaa Meneja wa Ubora, Mfamasia Mkuu, karani wa kumbukumbu, Injinia wangu, na mimi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Meneja alikuwa na karatasi iliyotolewa na mashine.

"Mfumo unaonyesha saa nne na dakika kumi na mbili, opereta alithibitisha unga umekauka."

"Sikuthibitisha umekauka," nikasema. "Niliulizwa haujakauka, nikasema ndiyo."

"Ndiyo maana yake umekauka."

"Ndiyo maana yake haujakauka!"

Injinia akainua mkono kama yuko darasani. Uso wake ulikuwa umepauka. "Kosa ni langu," akasema. "Nilibadilisha maneno ya swali, sikubadilisha amri iliyo nyuma ya kitufe. Yeye amejibu Kiswahili sahihi."

"Hilo swali lilipitishwa kwa saini sita," Meneja akasema, "ya kwako ikiwa ya tano na ya kwangu ya sita. Unataka kusema watu sita wote hawajui Kiswahili? Na opereta naye amesaini kwamba ameelewa." Akageuka kwa Mfamasia Mkuu. "Mzee, wewe ukiulizwa unga haujakauka, na haujakauka, utajibuje?"

"Nitajibu ndiyo," akasema Mfamasia Mkuu.

"Kwa maana ya umekauka?"

"Kwa maana ya… ndiyo, bado." Akakuna shingo. "Au hapana, bado. Ngoja kwanza. Niulize tena."

Wakaulizana pale mezani kwa robo saa nzima, watu wazima wenye digrii zao, haujakauka, ndiyo, haujakauka, hapana, mpaka karani akaacha kuandika akawa anawatazama. Kama si mimi niliyekuwa machinjioni ningecheka. Nilidhani sasa wameona wenyewe, nikaanza hata kupumua.

Meneja akachoka. Akafunga faili, akanitazama akasema, "Kwa kifupi, wewe unashikilia kwamba hukukosea?"

"Ndiyo," nikajibu.

Karani akaandika.

Alhamisi muhtasari ukabandikwa kwenye mbao zote za matangazo. Mstari wa tisa ulisema: "Opereta aliulizwa kuhusu kukosea kwake, akajibu: Ndiyo." Nilisoma nimesimama, kikombe cha chai mkononi, watu wanapita nyuma yangu kimyakimya kama wanaopita msibani. Injinia aliposoma alipanda ngazi mbili mbili. Akarudi baada ya saa moja. Ameambiwa muhtasari ukishasainiwa haubadilishwi, ila unaweza kuambatishwa maelezo. Akaandika maelezo, kurasa mbili, akayaambatisha. Niliyaona kwenye faili: yamebanwa nyuma kabisa, baada ya cheti cha mzani.

Jioni hiyo nilimkosea mwanangu. Alikuwa anaosha vyombo na mimi nimekaa, na ule ukimya wake ukanichokoza. Nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akaacha bomba linatiririka. Hakugeuka. Akasema, "Mama mdogo, nimewaambia ni mimi. Nimewaambia mara tatu. Hawataki iwe mimi." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaondoka nikaenda kulala na hasira zangu, na usingizi haukuja. Asubuhi nilimwomba radhi. Akasema hajanishikia kinyongo, na najua alisema kweli, lakini maneno yakishatoka yametoka.

Hawakunifukuza. Bora wangenifukuza, ningepata wa kugombana naye. Wiki iliyofuata Mfamasia Mkuu aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, na akanieleza mambo kwa upole kiasi kwamba nilijua kabla hajafika mwisho. Tatizo, alisema, limeonekana ni swali. Maadamu kuna swali, kuna mtu wa kulijibu vibaya. Kwa hiyo mainjinia wameshauri swali liondolewe. Litawekwa jicho la mwanga kwenye pipa, linalopima unyevu wa chenga zikiwa zinaruka, na unga ukifika kiwango jicho litafungua mlango lenyewe.

"Na mimi?"

"Kuna nafasi stoo ya maboksi."

"Wewe mwenyewe unaonaje, Mzee?"

Akatazama mikono yake. "Siku hizi sioni mwenyewe, naonyeshwa."

Ila kulikuwa na sharti, na hilo alilipigania yeye, Mungu amlipe. Jicho lisipewe mlango kabla halijajaribiwa kwenye mapipa arobaini, yaani pipa kujazwa mara arobaini. Kila pipa litaandikwa kwenye safu tatu: Jicho, Kiganja, Maabara. Maabara ndiyo hakimu. Jicho likikosea hata mara moja mahali ambapo kiganja kimepatia, mradi unasimama, swali linarudi likiwa limenyooshwa, na mimi nabaki kwenye pipa langu.

"Na tukitoka sare?" Mzee Presi aliuliza nilipomsimulia.

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nikaenda kumuuliza aliyepewa kazi ya kulifunga jicho na kulijaribu. Bila shaka mnajua ni nani. Kati ya kumi na wanne walimchagua yeye, kwa kuwa ndiye anayelijua pipa. Alikuwa amepiga magoti anakaza kioo kidogo cha duara ubavuni mwa pipa, na hakusimama.

"Sare ni ya jicho," akasema. "Haliumwi, Bi Kiganja. Halistaafu."

Basi nikaelewa nilipo. Nikipatia mara arobaini, naondoka. Nikikosea, naondoka. Kilichobaki ni kusimama pale kumwombea mabaya mtoto niliyemlea, na hata hilo moyo ulikataa nusu. Asubuhi naamka nasema leo likosee, leo likosee, halafu namwona anakunywa chai amesimama, macho mekundu, ana daftari lake la vipimo kwapani, na sala inanikwama.

Tukaanza. Kila pipa tunafanya vilevile. Anaweka kiganja chake juu ya namba za jicho ili nisizione. Mimi nachota, nafumba, nahesabu, nasema. Yeye anaandika. Kisha sampuli inapelekwa maabara, dakika ishirini, wanaleta jibu. Bado, bado, bado. Karibu, karibu, karibu. Tayari, tayari, tayari. Pipa la kwanza mpaka la kumi sote watatu tulikuwa kitu kimoja. Nikajipa moyo kwamba linabahatisha. La kumi na tano tulipewa wanga wa shehena mpya, mzito kidogo, nikasema moyoni hapa patamu. Jicho likasema karibu. Nami nikasema karibu, kwa sababu ilikuwa karibu. Maabara ikasema karibu.

Shetani alinijia, sitamficha. Alinijia kwenye la ishirini na mbili. Kanuni zilikuwa za mezani. Hila za pale ubavuni mwa pipa nilizijua mimi. Kitundu cha kuchotea kiko chini kidogo ya jicho, na nikiminya glavu yenye tone la maji mbele ya kile kioo cha duara, jicho litaona mvua. Nani angejua? Nilisimama na mkono umeinuka. Halafu nikafikiria ni dawa, na nikafikiria jina la nani limeandikwa juu ya daftari lile. Nikaushusha. Injinia alikuwa ananitazama. Sijui aliona nini. Akaandika tarehe.

Thelathini. Thelathini na tatu. Watu wakaanza kupita kutazama, kama mechi. Mzee Presi akawa anapiga simu ya ukutani kuuliza matokeo, nami namjibu "Sare," naye anasema "Hiyo sare itakuja kukushona," halafu anakata kabla sijamtukana.

Pipa la thelathini na saba ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Mfamasia Mkuu alikuwepo, na Meneja wa Ubora naye amekuja na watu wawili kuwaonyesha. Chumba ni kidogo. Walisimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia viatu vyao kila waliposogea. Nikavaa glavu. Nikachota, nikafumba, nikahesabu mpaka tano.

Zilikuwa na unyevu. Si mwingi, lakini upo, ule ubaridi mdogo unaoshika ngozi. Nikafumbua, nikahisi kama zimeshikana.

"Bado," nikasema.

Nikamtazama Injinia. Hakuandika. Alikuwa ameondoa mkono wake juu ya namba na anazitazama, na midomo yake ilikuwa wazi. Nikajua. Jicho limesema tayari.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha yenye aibu ndani yake. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pelekeni maabara." Mfamasia Mkuu akanigusa bega. Meneja akasema kwa wageni wake kwamba majaribio ndivyo yalivyo. Tukasubiri dakika ishirini, na katika dakika hizo, akilini mwangu, nilirudi kwenye pipa langu. Nilimwona Meneja akigeuza swali lake mbele ya wote. Nilijiona nimezeeka pale pale, na Injinia anapewa mradi mwingine, mzuri zaidi, usiokuwa na mimi ndani. Nilimsamehe kila mtu.

Binti wa maabara akaingia na karatasi. Hakunitazama. Akampa Injinia.

"Tayari," Injinia akasoma. Akarudia taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Maabara inasema tayari."

"Haiwezekani," nikasema. Nikachota tena. Nikafumba, nikahesabu, mpaka tano, mpaka kumi. Mkono wangu ukaniambia bado. Nikachota mara ya tatu. Bado. Miaka ishirini na sita haujanidanganya, na sasa unasema bado, bado, huku chenga nilizokuwa nimezimwaga pale mezani zimetawanyika kavu kabisa, kila mtu anaziona.

Meneja akawaambia wageni, "Twendeni tukaone presi." Wakatoka. Mfamasia Mkuu alibaki kidogo, kisha akawafuata.

Nikavua glavu. Kiganja changu kilikuwa kimelowa. Kilikuwa kinang'aa kwa jasho mpaka kwenye mistari, na jasho limejaa ndani ya ncha za vidole vya glavu. Sijawahi kutoka jasho la mikono maisha yangu yote. Sikujua kama nilikuwa naogopa kiasi hicho. Chenga zilikuwa kavu tangu mwanzo. Unyevu ulikuwa wa kwangu mwenyewe.

Injinia aliona. Akaja akasimama kati yangu na mlango ili mtu yeyote akirudi asinione, akanishika kile kiganja kwa mkono wake kavu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, "Mama mdogo. Safu yako sijaijaza."

Nikamtazama.

"Naweza kuandika tayari. Utakuwa hujakosa hata moja. Wale hawakusikia vizuri, na hata kama walisikia, kitakachobaki ni daftari. Utaondoka hujashindwa."

Alikuwa analia. Mtoto aliyepigania maneno yangu yarekebishwe akashindwa, sasa ndiye anayeniomba ruhusa ya kuyapindisha, kwa kunipenda tu. Na mimi nilitaka. Nilitaka sana.

"Mara ile waliandika nisichosema," nikamwambia. "Wewe andika nilichosema."

"Mama mdogo, tafadhali."

"Andika, Injinia."

Akafuta uso kwa mkono wa koti lake. Koti refu, jeupe. Siku hizi wanavaa wao. Akainama kwenye daftari, safu ya katikati, akaandika BADO kwa herufi kubwa, akaweka saini yake pembeni. Halafu akanyoosha mkono akabonyeza, mlango wa pipa ukafunguka, na chenga zikateremka kwenda kwenye presi, kavu, kama zinavyotakiwa.